Mwenye Kelele Ndiye Mwenye Jiwe

Fundi aliporomosha jiwe, jiwe likamwua kaka yake wa tumbo moja, na Fundi akanyamaza. Akamwacha mke wa kaka yake akibebe kifo kile kama mzigo wa kuni. Huo ndio ubaya uliotendeka. Mengine yote ni namna ulivyotendeka, na namna watu wazima, wenye macho na masikio, walivyouona mchana kweupe wakaupa jina jingine.

Huyo mke wa marehemu siku hizi anaitwa Kengele. Wazazi wake hawakumpa jina hilo, na aliyemwita hivyo mara ya kwanza hakuwa na nia njema. Lakini jina la kejeli ni kama upele, ukilikuna linazidi, basi akaacha kulikuna.

Kengele alizaliwa tambarare, ambako mtu akiweka mtungi chini unakaa. Alipoletwa bi harusi kwenye nchi ya mumewe alidhani wanamtania. Nchi ile imekunjwakunjwa kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa kwenye beseni: mgongo wa mlima, korongo, mgongo mwingine, korongo jingine, hadi macho yachoke. Juu kabisa kuna msitu ambao haukauki, miti imeota ndevu za kijani na mawingu hulala humo mpaka jua lipande. Chini kabisa, korongoni, kuna joto la chungu kilichofunikwa, na mto wa rangi ya matofali unaogombana na miamba usiku na mchana. Watu wanaishi katikati, nyumba zimebandikwa ubavuni mwa mlima kama viota vya mbayuwayu. Ukimwaga maji ya vyombo, yanakwenda moja kwa moja kwa jirani wa chini, naye huguna. Kuku wa kule wana mapaja ya wanariadha.

"Huku kwetu, mwanangu," mama mkwe alimwambia siku ya kwanza, huku akimshika kiwiko asiteleze, "kitu kikikuponyoka usikifuate. Kimeshakuwa cha mwingine."

Bi harusi akacheka. Mama mkwe hakucheka.

Wanaishi kwa ngazi. Ngazi ni kipande cha shamba kilichokatwa mlimani na kuzuiwa na ukuta wa mawe, mawe yaliyopangwa yakashikana yenyewe, bila saruji wala chokaa. Ukuta ukienda, udongo unakwenda, na udongo ukienda, familia inakwenda kuomba kwa watu. Kwa hiyo kila kiangazi watu huziba kuta zao, na mawe ya kuzibia huyatoa korongoni. Hapo ndipo wanaume hulia. Jiwe hushuka lenyewe kwa furaha, lakini kupanda linataka mgongo wa mtu.

Na kwa kuwa kila mtu analima juu ya kichwa cha mwenzake, kuna kanuni moja ambayo mtoto huijua kabla hajajua kuhesabu. Ukilegeza jiwe, hata la ukubwa wa ngumi, unapiga kelele: "Jiweee!" Walio chini hawatazami juu, kwani anayetazama juu hupoteza uso. Wanajilaza matumbo ukutani, mikono shingoni, wanangoja. Vumbi likitulia, aliyepiga kelele anashuka, anawaangalia wenzake, anasema, "Lilikuwa langu, nisameheni." Nao wanajibu, "Limepita." Yamekwisha. Akiumia mtu, aliyepiga kelele ndiye anayembeba, ndiye anayemlimia mpaka apone.

Ndiyo maana husemwa kule: mwenye kelele ndiye mwenye jiwe. Hakuna anayepigia kelele jiwe la mwenzake, kama vile hakuna anayepiga chafya kwa niaba ya jirani. Na katika miaka yote ya wazee wao hapakuwa na aliyejiuliza: je, mwenye jiwe akinyamaza? Hawakumfikiria mtu wa namna hiyo. Au walimfikiria, wakaona aibu kumtaja.

Mumewe Kengele alikuwa mtu wa maneno machache na kuta nzuri. Alipanga mawe kama mwanamke anavyopanga nguo za mtoto mchanga, akiligeuza kila moja hadi lipate ubavu wake. Mdogo wake, Fundi, alikuwa mwashi wa nyumba, mikono yake ikipenda mwiko na kamba ya kunyooshea, lakini mgongo wake na mzigo walikuwa hawasalimiani. Mke wake mpya alikuwa amekataa katakata kupika katika moshi wa jiko la mama mkwe. "Nijengee langu," alisema, "au nirudishe kwetu ukapike mwenyewe." Fundi akaahidi jiko la mawe.

Ilikuwa karibu na mvua. Mume wa Kengele alikuwa ngazi ya chini akiziba ukuta. Kengele alikuwa ngazi ya katikati akipalilia maharagwe, na mtoto wao wa kiume, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea bila kuporomoka, alikuwa nyumbani kwa bibi yake. Juu zaidi kulikuwa na ngazi ya juu kabisa ya mumewe, nyuma ya migomba iliyosongamana. Kengele hakujua kama kuna mtu huko.

Kwanza alisikia chembe za udongo zikigonga majani ya maharagwe, tap, tap, kama mvua inayoomba ruhusa. Akatazama juu, jambo lililokatazwa. Akaona jiwe linatoka kwenye migomba. Lilikuwa jiwe la kona, ukubwa wa mbuzi aliyelala, linageuka polepole kama linatafuta njia. Na nyuma yake, kati ya migomba, akaona shati la buluu na mikono miwili iliyobaki hewani, mitupu, kama ya mtu aliyeangusha sahani ya mgeni.

Akangoja kelele ya mwenye jiwe. Alingoja kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Jiwe likagonga ukingo wa ngazi yake, likaruka juu yake, na juu kule bado kimya. Ndipo akapiga kelele yeye. Akaipiga kwa pumzi yote ya kifua chake, mpaka ng'ambo ya korongo watu wakaweka majembe chini.

Angepiga kelele Fundi, mumewe angejilaza ukutani kama alivyofanya tangu utoto. Lakini sauti ilikuwa ya mkewe, na mkewe hakuwahi hata siku moja kulegeza jiwe. Akadhani ameanguka. Akainua uso kumtafuta.

Fundi alishuka kwa njia ya pembeni, akihema, akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa wa kwanza kumwinua kaka yake na alilia kuliko wote. Watu walipofika, wakiwa bado hawajajua pa kutazama, alimgeukia Kengele na kusema kwa sauti ya huruma:

"Shemeji, umefanya nini?"

Kwa maneno hayo matatu alimaliza kazi yake. Mtu anaweza kunyamaza kwa hofu, na hofu ni ya binadamu. Lakini yale hakuyasema kwa hofu.

Kwenye matanga, chumba cha mama mkwe kilijaa wanawake waliokaa kwenye mikeka, magoti kwa magoti. Kengele aliwekwa karibu na mlango, kila aliyeingia akikunja nguo yake ili isimguse. Akasema, hakungoja siku nyingine.

"Mama, jiwe lile halikuwa langu. Fundi alikuwa juu. Nimemwona."

Mama mkwe hakuinua kichwa. "Nani alipiga kelele?"

"Mimi, mama. Lakini—"

"Nimeuliza nani alipiga kelele."

"Mimi."

"Basi."

"Tumeisikia sote," alisema jirani wa chini, yule wa kuguna. "Mtu haiti jiwe la mwenzake. Hata wa tambarare wanajua hilo, au hamfundishwi huko?"

Kengele alimtazama mama mkwe, akaelewa. Yule mama alikuwa na mwana mmoja aliyebaki na mkwe mmoja aliyezidi. Hesabu yake haikuwa ngumu.

Matanga yalipoanuliwa alipanda hadi ngazi ya juu, akijifanya anakata majani ya migomba. Ukuta ulikuwa na mapengo kama mdomo wa kizee. Jiwe limechomolewa hapa, jiwe kule, kwa ujanja wa mtoto anayeramba sukari akidhani mama hataona, na kwenye kona shimo kubwa lenye udongo mbichi. Mawe hayo yote aliyajua, alimwona mumewe akiyageuza. Akashuka akapita nyumbani kwa Fundi. Jiko jipya lilikuwa limefika kiunoni.

Akasema tena. Wakamwambia amekwenda kuyachomoa mwenyewe ili kumsingizia shemeji yake. Mvua zilipokuja ukuta wa juu ukabomoka wote, udongo ukashuka kwa wingi, ukafunika maharagwe ya watu. Wakasema ni kisirani cha Kengele. Aliyeitwa kuujenga upya ni Fundi, na walimshukuru.

Hakuna tena aliyekubali kufanya kazi chini yake. Kwa hiyo alipewa ngazi ya mwisho, ukingoni mwa korongo, ambako hakuna wa chini yake ila mto. Kila kinachowaponyoka wa juu hufika kwake: maji machafu, kokoto, jembe lililovunjika mpini, siku moja kuku mzima mzima, amekufa kwa mshangao. Alijijengea kibanda chini ya mwamba uliochomoza, akalala akisikiliza mlima ukijikuna. Mlima haulali. Hata kiangazi, jua likitua na mawe yakipoa, huanza kutoa sauti ndogondogo, tik, tik, na aliye chini huhesabu kila moja kuwa ni yake.

Watoto wa juu waligundua mchezo. Walikuwa wakisimama ukingoni na kupaza sauti, "Jiweee!" Naye huko chini anatupa jembe, anajilaza ukutani, mikono shingoni. Hakuna jiwe. Kicheko tu. "Kengele imelia!" Ungedhani baada ya muda angepuuza. Lakini mlimani mtu hapuuzi kelele. Anayepuuza hupuuza mara moja. Kwa hiyo kila walipocheza, yeye alijilaza. Mashavu yake yaliujua ukuta ule kuliko yalivyowahi kujua mto wa kitanda.

Haya yote angeyameza. Kilichokwama kooni ni mtoto. Mwanawe alilelewa juu, na bibi yake na baba yake mdogo, na kabla hajaota meno ya pili alikuwa ameshaambiwa nani alimwua baba yake. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Alileta chumvi, alileta kibiriti, akasema, "Shikamoo, mama," lakini amesimama kando, ubavuni, miguu tayari. Hakuwahi kusimama mahali ambapo mama yake yuko juu yake. Kengele aliona. Mama gani asingeona?

Kulikuwa na shahidi. Mchunga mbuzi mmoja alikuwa ng'ambo ya korongo siku ile, na macho ya mchunga mbuzi ni macho. Walikutana mtoni, mahali pa kuvukia, maji yamejaa na wote wawili wamekwama upande mmoja.

"Mama, mimi niliona," alisema, akitazama mbuzi wake. "Shati la buluu."

Kengele akamsogelea. "Mbona hukusema?"

"Mbuzi wangu wanalala zizi la nani?"

"La Fundi."

"Basi umejijibu. Nikisema, wewe utapata jina lako zuri. Mimi nitapata nini?"

"Utapata usingizi, baba."

Mchunga mbuzi akacheka, akaonyesha meno yote aliyobakiwa nayo. "Usingizi ninao, mama yangu. Nalala kama gogo."

Maji yalipopungua alivuka na mbuzi wake. Baadaye alihamia nyuma ya migongo ile mingine, ambako hata moshi wa jiko lake hauonekani.

Kijana akakua. Alipoota ndevu, ikafika wakati wa kumkabidhi ngazi za baba yake, na aliyekuwa na mamlaka ya kukabidhi ni baba yake mdogo. Wakakutana asubuhi nyumbani kwa Fundi, katika jiko lile la mawe, kwa kuwa ndicho chumba kikubwa na chenye joto. Mama mkwe alikalishwa karibu na moto, amezeeka, macho yana utando. Majirani wawili watatu walikaa kwenye mabenchi. Kengele aliitwa pia. Akakaa akitazama ukuta. Mawe yaliyogeuzwa na mikono ya mumewe yalikuwa mbele yake, yamepakwa masizi ya chai ya watu wengine.

Fundi alizungumza vizuri, siku zote alizungumza vizuri. Ngazi zote ni za kijana. Isipokuwa ile ya mwisho, hiyo iachwe iote msitu, imechoka. "Na shemeji yangu naye amechoka," alisema. "Arudi kwao tambarare, akapumzike na ndugu zake. Kijana ataoa. Mke wake atafanyaje kazi na mambo yale yako hapo chini yakimtazama? Au nasema vibaya, mwanangu?"

Kijana alitazama mikono yake. "Wewe ndiye mkubwa, baba mdogo."

Kengele akasimama.

"Nitaondoka," alisema. "Leo hii, hata chai yenu sinywi. Ila kwanza Fundi amwambie mtoto huyu, mbele ya mama huyu aliyemzaa yeye na kaka yake, siku ile alikuwa wapi."

"Shemeji, mambo ya kale hayo."

"Kwako. Kwangu hayajaota hata nyasi. Ulikuwa wapi?"

Fundi akatabasamu kwa uvumilivu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Kila mtu anajua. Nilikuwa korongoni, nabeba mawe ya jiko hili hili."

Mke wake, aliyekuwa akimimina chai, akaangua kicheko. Alikuwa mwanamke wa utani, na uvivu wa mumewe ulikuwa utani wake wa kila siku.

"Wewe? Korongoni?" alisema. "Jamani, mume wangu huyu! Tangu lini mgongo wako ukabeba jiwe? Lote hili limetoka hapo juu tu, kwenye migomba. Si nilikuletea maji huko mwenyewe asubuhi ile, nikakukuta umevua viatu kama bwana harusi?"

Benchi zima likacheka. Hata kijana alicheka. Kisha kicheko kikaanza kupungua, mtu mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa nyumba kwa nyumba. Mke wa Fundi alibaki na birika mkononi, bado anatabasamu, akiwatazama, asijue alichokanyaga. Kisha akajua. Chai ikafurika kikombe, ikamwagika mezani, hakuna aliyeifuta.

"Hata kama nilikuwa juu," alisema Fundi, na sasa sauti haikuwa nzuri tena, "kelele alipiga nani?"

Watu wakatazama sakafu. Kijana alimtazama baba yake mdogo, akautazama ukuta, akamtazama bibi yake. Mama mkwe alikuwa na kikombe mkononi.

"Bibi?" alisema kijana.

"Chai inapoa," alisema mama mkwe. "Kunyweni."

Ndivyo ulivyokwisha mkutano. Walikunywa, walioweza kumeza.

Kengele alitoka akashika njia ya kushuka. Njia ile ni nyembamba, upande mmoja mwamba unaotiririka maji, upande mwingine hewa na sauti ya mto. Alisikia nyayo nyuma yake. Hakugeuka.

"Mama." Kijana alikuwa anahema. "Kama jiwe halikuwa lako, ulipiga kelele ya nini?"

"Baba yako alikuwa chini."

"Ulijua kanuni?"

"Niliijua."

"Ungenyamaza, usingelaumiwa na mtu."

"Ndiyo. Na baba mdogo wako alijua hivyo pia. Ndiyo maana alinyamaza."

Wakatembea. Walipofika mahali pembamba kabisa, ambapo mmoja lazima atangulie, kijana alisimama akajibanza kwenye mwamba ili mama yake apite mbele, chini. Labda ilikuwa heshima. Labda ilikuwa miguu yake ya zamani, iliyozoeshwa. Kengele alimtazama usoni, hakuweza kusoma, akapita.

Hakwenda tambarare. Aliwaambia atakayemtaka aondoke aje amwondoe, na hakuna aliyekuja, kwa kuwa kumbeba mtu mpaka juu kunataka mgongo. Yuko pale pale ukingoni mwa korongo. Kijana analima ngazi za katikati. Amekataa kuoa kwanza, watu wanamcheka. Mama mkwe alikufa mvua zilizofuata, akaenda na alichokijua, na kaburi halidaiwi. Mchunga mbuzi anadaiwa ushahidi wake, popote anapolala kama gogo. Mke wa Fundi hadaiwi kitu, maana katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyewahi kusema kweli, ingawa kwa bahati mbaya, na tangu siku ile hafanyi tena utani.

Aliyebaki na deni ni Fundi. Hadaiwi jiko, alale nalo. Hadaiwi ngazi. Anadaiwa kushuka kwa miguu yake mwenyewe mpaka ngazi ya mwisho, mchana, watu wakiwa mashambani, na kusema kwa sauti itakayofika ng'ambo ya korongo kwamba jiwe lilikuwa lake. Anadaiwa na mjane, anadaiwa na kijana, na anadaiwa na yule aliyeinua uso. Mpaka leo hajashuka.